Marahaba Zilizokwama kwenye Sanduku la Usijibu

Siku nilipostaafu niliacha mezani karatasi mbili za makabidhiano. Zinaeleza funguo za kabati ziko wapi, mhuri upi umechakaa, na nywila za mfumo amekabidhiwa nani. Kila kilichoandikwa humo ni kweli, na hakuna hata kimoja kitakachowasaidia siku mambo yakiharibika. Kwa hiyo ninyi mnaobaki masjala, someni na hii. Naiandika nikiwa nyumbani Nata, miguu juu ya kigoda, bila kuangalia saa. Vyeo na mishahara sitavizungumzia, kwa sababu vyeo vilikuwa vichache na mshahara kila mtu anaujua wake.

Niliingia chuo chetu cha ufundi, pale Bomani mjini Tarime, nikiwa binti mwenye cheti cha uchapaji na viatu vinavyobana. Mkuu wa masjala alikuwa Mzee Wambura, Mwikoma mrefu, mkavu, aliyetembea na kalamu mbili mfukoni na hakumwazima mtu hata moja. Alinionyesha meza, akanionyesha taipureta, akaniambia ina kasoro ndogo tu: herufi h inaruka. Nikaona si kitu. Kufika saa sita nilikuwa nimechapa barua kumi na tano, na kila Chacha wa Tarime alikuwa Caca, na kila Bhoke alikuwa Boke. Mzee Wambura alizisoma zote bila kucheka, akachukua kalamu, akanipa. Nikaziweka h kwa mkono, moja baada ya nyingine, hadi jioni. Ile ndiyo ilikuwa siku pekee kalamu yake ilipotoka mfukoni kwa ajili ya mtu mwingine, nami nilijivuna kwa hilo miaka mingi.

Jambo la pili nililojifunza ni majina. Kwetu Nata nilizoea majina yanayotofautiana. Hapa Tarime nilikuta Chacha Mwita, Mwita Chacha, Chacha Mwita Chacha na Mwita Chacha Mwita, wote wameomba fani ya useremala, wote wanatoka kata moja. Nikadhani karani aliyenitangulia alikuwa anarudia majina kwa uvivu, nikakata matatu nikabakiza moja. Mzee Wambura aliyarudisha yote. "Hao ni watu, binti," alisema. "Ukimkata mmoja utakutana naye sokoni."

Zamani hizo barua ya kwenda kijijini haikuwa na njia moja. Watu wengi hawakuwa na sanduku la posta, kwa hiyo barua ya Gorong'a tuliipitisha kwa padri, au kwa mwalimu mkuu, au kwa mwenye duka anayefahamika. Kwenye kitabu cha kupokezana barua tuliandika jina la anayepokea na jina la anayempelekea. Na kabla ya kuifunga bahasha, sheria ya Mzee Wambura ilikuwa moja: isome kwa sauti. Sio moyoni, kwa sauti, hata kama mkuu wa chuo amesimama mlangoni anakushangaa. Alikuwa akisema barua ni mgeni unayemtuma nyumbani kwa mtu, na mgeni haingii kwa watu bila kusalimia. Alikuwa na maneno mengine baada ya hayo, lakini mimi niliyasahau, na hapo ndipo kisa changu kikubwa kilipozaliwa.

Mzee Wambura akastaafu, taipureta ikaingia stoo, kompyuta zikaja. Nilizipenda tangu siku ya kwanza kwa sababu zilikuwa na h. Nikaitwa Mama Robi, nikawa mimi ndiye mwenye meza ya dirishani, mimi ndiye ninayeulizwa faili liko wapi. Halafu miaka hii ya karibuni akaja Neema.

Neema alikuwa mhandisi wa programu, mtu wa Iringa, mpole wa sauti na mbishi wa moyo. Chuo kilimwajiri atutengenezee mfumo wa kupokea maombi ya wanafunzi kwenye tovuti. Akanieleza kwamba mfumo wenyewe ndio utakaokuwa unaandika barua. Mwombaji akijaza fomu, unamwandikia kwamba fomu imefika. Akichaguliwa, unamwandikia mzazi. Asipothibitisha, unamkumbusha. Hakuna bahasha, hakuna stempu, hakuna kondakta wa basi wa kumbembeleza.

"Na mimi nitafanya nini?" nikamuuliza.

"Wewe mama utaandika maneno. Mimi maneno siyawezi."

Nikampenda papo hapo. Nikaandika kiolezo cha barua, yeye akaweka alama mahali jina litakapoingia. Tukaituma kwa wazazi wote kwa mara moja, kwa furaha, bila kujaribu. Kesho yake simu ya ofisi haikupumzika. Baba mmoja wa Sirari alinisalimia vizuri, akaniuliza, "Madam, huyu JINA LA MZAZI ni nani? Maana nimeandikiwa Ndugu JINA LA MZAZI, na mimi kwetu hatuna hilo jina." Neema alijificha nyuma ya kompyuta yake akicheka hadi machozi. Tangu siku hiyo kila barua mpya ilitumwa kwanza kwangu mimi, nikaisoma kwa sauti, ndipo iende kwa watu. Sheria hiyo msiiache.

Kosa la pili halikuchekesha. Mwaka wa kwanza wa mfumo, barua nyingi za kuchaguliwa ziliangukia kwenye kapu la barua taka la wapokeaji, pamoja na matangazo ya bahati nasibu. Tulizituma nyingi kwa mkupuo, na hatukuwa na uthibitisho kwamba kweli ni sisi. Neema alirekebisha baadaye. Aliweka kwenye anwani ya chuo maandishi yanayotushuhudia, nami nikamwambia huo ndio mhuri, akakubali kwamba ndio huo. Akaupanga mfumo utume barua chache chache kwa foleni. Lakini wapo waliokwisha kupoteza nafasi. Mmoja alikuwa Bhoke, binti wa Gorong'a aliyechaguliwa fani ya umeme wa majumbani. Babu yake aliyemlea, Mzee Marwa, alikuja dirishani wiki mbili baada ya masomo kuanza, akiwa amevaa koti lake la kanisani. Nilimweleza habari za kapu la barua taka. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo mjukuu wangu yuko kwenye taka." Nilimwahidi kwamba Bhoke akiomba tena mwakani, barua yake itafika, na nitahakikisha mwenyewe.

Mwaka uliofuata Bhoke akaomba, akachaguliwa tena. Ndipo nikaja na wazo langu la shikamoo.

Nilikuwa nimeisoma ile barua ya kuchaguliwa kwa sauti, nikaona aibu. Ilikuwa inaanza tu, "Unaarifiwa kwamba." Fikiria mtu anafika nyumbani kwa Mzee Marwa, hajavua hata kofia, anasema unaarifiwa kwamba. Nikamwambia Neema barua kwa wazazi lazima iwe na shikamoo. Akasema barua ya mfumo haina shikamoo. Nikasema ya kwetu itakuwa nayo.

"Sawa, mama. Lakini shikamoo anaipa nani? Mfumo una umri gani?"

Hapo akanishinda kwa dakika chache. Kama anayesalimia ni chuo, chuo kina umri mkubwa kuliko wazazi wengi. Kama ni mimi, nitakuwa nawaamkia wachache sana, maana mimi mwenyewe nilikuwa natafuta wa kuniamkia. Tukabishana chai nzima. Mwisho tukaamua mfumo upewe umri wa Neema, kwa kuwa ndiye mtoto wa ofisi. Fomu ilikuwa inauliza mwaka wa kuzaliwa wa mzazi, kwa hiyo ikawa rahisi: mwenye umri wa kumzaa Neema anapata shikamoo, waliobaki wanapata habari za leo. Tukazituma. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiimba barabarani, na jirani akaniuliza kama nimefiwa na deni.

Barua ilikuwa hivi: shikamoo, mtoto wako amechaguliwa, bonyeza kitufe hapa chini kuthibitisha kabla ya Alhamisi saa kumi jioni. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, Neema aliweka maneno ambayo wahandisi wote huyaweka: tafadhali usijibu barua hii. Ilitumwa kutoka anwani iliyoitwa Usijibu. Asiyethibitisha, Ijumaa saa kumi mfumo wenyewe ungemwandikia kwamba nafasi yake imekwenda kwa mwingine.

Ijumaa asubuhi orodha ya wasiothibitisha ilikuwa na majina thelathini na kitu. Tulishangaa lakini hatukushtuka. Sikuipitia. Niliahidi kuhakikisha barua ya Bhoke imefika, na nilikuwa nimehakikisha: ilifika, haikuangukia takani. Niliona nimemaliza.

Karibu saa tano bodaboda ikasimama nje, akashuka Mzee Marwa na lile koti lake. Nikanyanyuka, nikamwita baba kwa Kikurya.

"Shikamoo, tata."

Akaniangalia. "Siitikii."

Wenzangu, nimefanya kazi dirishani maisha yangu yote. Nimetukanwa, nimeombewa dua mbaya, nimeletewa mbuzi. Kunyimwa marahaba sikuwahi.

"Marahaba zangu ziko kwenu tatu," akasema. "Zioneni hizo kwanza. Nyie ni watu wa namna gani? Mnakuja kwa mtu, mnamwamkia, akigeuka kuitikia mmeshaondoka. Nimeitikia Jumatatu, kimya. Nimeitikia Jumatano, kimya. Jana tena, kimya. Nikasema labda kuna msiba, ngoja niende."

Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa barua yetu. Mzee Marwa hakuwa na simu janja, alikuwa na kitochi. Kwenye fomu aliandika anwani ya Ghati, mwenye steshenari ya kwao, kama nusu ya Gorong'a inavyofanya, na Ghati alikuwa amemchapishia barua. Kitufe cha kuthibitisha kilikuwa pale kwenye karatasi, kimechapwa vizuri, rangi ya kijivu.

"Karatasi haibonyezeki, mama. Nikamwambia Ghati ajibu kama watu wanavyojibu."

Nikamgeukia Neema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama," akasema taratibu, "lile sanduku la Usijibu halina mtu. Sijawahi kulifungua."

Na hapo, baada ya miaka yote ile, yakanirudia maneno ya Mzee Wambura niliyoyasahau. Mgeni haingii kwa watu bila kusalimia, na akishasalimia hakimbii, anangoja aitikiwe. Mimi nilikuwa nimeshika nusu tu.

Nilikimbia kwa mkuu wa chuo. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa amechoshwa na watu wa kuja dirishani na hadithi baada ya muda kupita. Akasema mlango ulifungwa jana saa kumi, na hawezi kumfungulia mmoja kwa kuwa ana babu mkali. "Ila kama alijibu kabla ya muda, amejibu. Nionyesheni kwa maandishi. Mkishindwa, saa kumi barua zinakwenda." Nafasi ya Bhoke ilikuwa na mtu wa akiba anayeingoja, na huyo naye ana wazazi. Nikaona ni haki.

Neema akalifungua sanduku. Sijui niwaelezeje. Lilikuwa limejaa marahaba. Mia tatu na ushee, kutoka juu hadi chini, marahaba, marahaba, marahaba. Marahaba mwanangu. Marahaba sana, poleni na kazi. Marahaba, na wewe nani mwenzangu? Mama mmoja alikuwa ameandika, "Marahaba binti, umeolewa?" Neema alisoma hiyo mara mbili.

Tukatafuta jina la Bhoke, hakuna. Tukatafuta Marwa, wakaja wengi, wote si yeye. Tukatafuta anwani ya Ghati, zikaja barua karibu arobaini, na Ghati, kwa haraka za dukani, alikuwa amezimalizia zote kwa neno moja: Mzazi. Tukampigia simu, akawa hapatikani. Nikamwendea Mzee Marwa kwenye benchi.

"Mzee, mbali na marahaba, ulimwambia Ghati aandike nini?"

"Habari za nyumbani. Unaitikiaje mtu bila kumpa habari?"

"Habari gani?"

"Kwamba mtoto anakuja. Kwamba ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Na kwamba mguu wangu umepona."

Neema akaandika neno ndama. Ikaja barua moja, ya Jumatatu. Nikaisoma kwa sauti, ofisi nzima ikisikia: "Marahaba. Sisi wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mguu umepona. Mtoto atakuja, tunashukuru sana. Mzazi." Neema alipiga meza kwa kiganja, nami nikajikuta nimemshika bega Mzee Marwa kama ndugu yangu. Nilitegemea atafurahi, anyanyuke, aende kupanda bodaboda yake.

Hakunyanyuka. "Na hizo nyingine za Ghati?" akauliza. "Hao nao ni watu wetu. Soma."

Basi nikasoma. Na huyu mzee, ambaye asubuhi hakutaka hata salamu yangu, akawa anatufumbulia. Nilisoma kwamba mvua imebomoa zizi, akasema huyo ni Mwita Chacha wa ng'ambo ya mto, sio yule fundi baiskeli. Nilisoma kwamba bibi ametoka hospitali, akasema huyo ni Nyangi, binti yake naye anaitwa Robi kama wako, amewaombeni ushonaji. Neema anatafuta jina kwenye orodha, anampigia mzazi kuhakikisha, anaweka alama. Barua za watu wasiotoka Gorong'a tulizisoma pia, na hizo nyingi zilikuwa na majina, kwa bahati yetu. Mkuu wa chuo alikuja saa nane kuona kelele za nini. Alisikiliza habari mbili tatu, akavuta kiti. Saa tisa alikuwa yeye anayepiga simu, na alikuwa anawaamkia watu kwa sauti ya mtoto wa shule.

Hatukula mchana. Sijawahi kufurahi hivyo kazini. Zile habari za ndama na mazizi, ambazo mhandisi yeyote angeziita uchafu, ndizo zilizotufungulia kila jina. Saa kumi kasoro robo orodha ya thelathini na kitu ilikuwa imebaki na watu watatu, na hao tuliwapata kwenye simu, wakasema wenyewe wamepata nafasi kwingine.

Nikamwomba Neema kitu kimoja. Wale tuliowapata waandikiwe barua mpya, niitunge mimi. Niliitunga nikiwa nimesimama. Akaiweka kwenye foleni, na saa kumi ilipogonga tukaangalia zikiondoka moja moja.

Haikupita muda kitochi cha Mzee Marwa kikalia. Ni Ghati, yuko dukani, amerudi hewani, barua imefika. Mzee akakiweka kwenye spika, akakishika mbele yake kwa mikono miwili. Ghati akaisoma kwa sauti, kama anatangaza kanisani, na sisi tuliomtumia tukawa tunamsikiliza.

"Shikamoo Mzee Marwa. Marahaba zako zote tatu tumezipata, na tunaomba radhi kwa kuchelewa. Tumefurahi kusikia mguu umepona na ndama ni jike. Bhoke tunamngoja Jumatatu, fani ya umeme. Barua hii inajibika."

Mzee Marwa alikifunika kitochi kwa kiganja, akatuangalia mmoja mmoja, Neema, mkuu wa chuo, kisha mimi.

"Marahaba, wanangu," akasema.

Neema alilia waziwazi. Mimi nilikwenda dirishani kupanga mihuri ambayo ilikuwa imepangika.

Jumatatu iliyofuata anwani ya Usijibu ilifutwa. Ya sasa inaitwa Karibu, na kila asubuhi mtu mmoja anaifungua, anasoma, anaitikia. Nilifanya kazi hiyo hadi siku yangu ya mwisho. Bhoke alimaliza masomo, na taa iliyo juu ya meza ya dirishani, ile isiyotetemeka, ni yeye aliyeifunga.

Nawaandikia leo kwa sababu ya jambo lililotokea juzi. Mjukuu wangu ameomba chuo chetu, na kwenye sehemu ya mzazi akaniandika mimi. Nilikuwa napepeta mahindi simu ikalia. Nikafungua. "Shikamoo Mama Robi." Najua vizuri inatoka wapi. Najua mstari wa mfumo unaoiweka, nilikuwepo tukiubishania juu ya chai. Najua umri wa mfumo ni wa Neema, na kwamba hakuna mtu aliyekaa mahali akinifikiria. Hata hivyo nilivua kilemba nikakifunga upya, ndipo nikajibu. Nikaandika marahaba, kwamba mvua imechelewa Nata, kwamba goti la kushoto linasumbua lakini la kulia ni zima, na kwamba kuku mweusi ametotoa kumi na mmoja.

Kwa kuwa nawafahamu, sikuifunga simu. Niliiweka juu ya kigoda nikaendelea kupepeta. Baada ya dakika chache ikaingia barua, fupi, haikuwa ya mfumo.

"Mama, nimeisoma kwa sauti. Ofisi nzima imesimama. Wote wanauliza goti. Neema."